Nani Atabadilisha Betri ya Mama wa Bamba?

Haya, nimerudi. Najua nilikuwa nimeahidi kumalizia yale maelezo ya hifadhidata, lakini hayo yatangoja. Kuna jambo limenikera na nisipolitoa leo nitashindwa kulala.

Wiki jana nilipata barua pepe kutoka kwa kijana mmoja aliyemaliza digrii ya uhandisi wa umeme. Barua yenyewe ina heshima zote: shikamoo, kaka, pole kwa kukusumbua. Anasema anataka kuingia katika sekta ya kawi safi, na tayari ana wazo la kampuni. Ameambatisha presentesheni ya kurasa 14. Kuna ramani ya Afrika, kuna picha ya mtoto akisoma kwa koroboi (hiyo picha haikosi!), kuna mchoro wa programu ya simu yenye vitufe vya kijani, na ukurasa wa mwisho umeandikwa cheo chake: Mwanzilishi na Mkurugenzi Mtendaji. Swali lake ni moja tu. Atampataje mwekezaji?

Nilizisoma zote 14. Neno betri halimo hata mara moja.

Sasa, simlaumu yeye. Tumemfundisha sisi. Kwa zaidi ya miaka kumi tumekuwa tukiwaambia vijana wa uhandisi kwamba njia ya kufika kwenye kampuni changa ni moja: andika programu, nadi wazo, shinda shindano, piga picha na hundi kubwa ya karatasi. Kazi ya kuhesabu betri stoo, kupanga safari za mafundi, kujibu simu za wateja na kufuatilia kontena bandarini tumeipa jina la operesheni, tukalitamka jina hilo kama mtu anayeongea kuhusu kazi ya kufagia. Nasema hivi, na mwenye kubisha abishe: katika kampuni ya sola, operesheni ndiyo uhandisi wenyewe, na mhandisi anayeikimbia hajui sekta anayotaka kuiongoza.

Nayasema haya nikiwa mkosaji niliyetubu. Nilimaliza digrii yangu ya umeme na sikuwahi kushika koleo baada ya hapo. Nikawa mwandishi wa programu. Mwaka 2014 nikaajiriwa na kampuni changa moja iliyokuwa ikiuza sola kwa mkopo. Sitaitaja, na haipo tena. Mfumo mnaujua: mteja analipa amana kidogo, anapewa paneli, betri, taa tatu na redio, kisha analipa kidogo kidogo kwa M-Pesa. Asipolipa, kisanduku kinajifunga na taa hazilali, zinazima kabisa. M-Pesa ilianza 2007, na kufikia 2012 M-KOPA walikuwa tayari wanauza sola kwa mtindo huu hapa Kenya. Sisi tulikuwa miongoni mwa waliofuata nyuma mbio mbio.

Kazi yangu ilikuwa seva. Malipo yanaingia kutoka Paybill, programu yangu inasoma namba ya akaunti, inatafuta kisanduku, inatuma idhini ya siku kadhaa. Safi kabisa. Nilikuwa na majaribio ya kila aina na yote yalipita. Namba ya akaunti ikiwa haipo kwenye hifadhidata, programu iliandika neno "batili" na kuendelea na kazi nyingine. Nilijivunia mstari ule. Haukuwahi kuangusha seva hata siku moja.

Basi siku moja mwaka 2015 nikashuka ghorofa ya chini kutafuta chai, nikampita dada mmoja wa huduma kwa wateja. Alikuwa na Excel iliyojaa rangi. Nikamuuliza anafanya nini. Akaniambia, bila hata kunitazama, "Hizi ni zile pesa zenu za batili."

Kumbe! Watu walikuwa wakikosea namba ya akaunti. Mtu yuko gizani, simu ina chaji asilimia mbili, skrini ndogo, namba yenyewe ina tarakimu nane alizoandikiwa na wakala kwa kalamu kwenye ganda la sigara. Anageuza 6 na 9, anabadilishana 4 na 5. Pesa inatoka kwake, inafika kwetu, programu yangu inasema batili, na taa yake inazimika usiku huo huo. Yeye ana ujumbe wa M-Pesa unaothibitisha amelipa. Anapiga simu. Dada yule anaitafuta pesa kwa mkono, mstari kwa mstari, anaoanisha namba ya simu na jina, kisha anamfungulia. Alikuwa amejitengenezea fomula zake mwenyewe za kukisia ni tarakimu zipi zimebadilishana. Hakuwa na digrii ya uhandisi. Alikuwa akifanya kazi ya mhandisi, kila siku, kurekebisha kasoro niliyoiweka mimi, na mshahara wake ulikuwa chini ya theluthi moja ya wangu.

Marekebisho yalinichukua siku nne. Tukaongeza tarakimu ya ukaguzi mwishoni mwa namba ya akaunti, ili namba iliyokosewa ijulikane papo hapo. Tukaomba tuwashiwe ile huduma ya M-Pesa inayouliza seva yako kama namba ni sahihi kabla pesa haijapokewa. Tukamruhusu mteja alipe kwa namba yake ya simu badala ya akaunti. Siku nne! Dada yule alikuwa ameoanisha kwa mkono kwa muda wa mwaka mzima kwa sababu hakuna mwandishi wa programu aliyeona haja ya kushuka ngazi.

Hapo ndipo nilipoomba kuhamishiwa operesheni. Mkubwa wangu aliniuliza kama nina matatizo nyumbani.

Safari yangu ya kwanza ilikuwa pwani, Kaunti ya Kilifi. Tulikuwa na tatizo la betri. Takwimu zilionyesha kwamba katika eneo la Ganze betri nyingi zilikuwa zikichoka kabla ya mwaka, na ofisini tulikuwa tumeshaamua kwamba ni shehena mbovu kutoka kiwandani. Kulikuwa na mchoro mzuri sana kuhusu jambo hilo. Tukapanda gari hadi Mariakani, tukashika barabara ya Bamba, vumbi hadi kwenye meno. Huko tukafika kwa mama mmoja mwenye kibanda cha kuuza sukari, sabuni na mafuta ya kupikia.

"Mwanangu," akaniambia, "hii taa yenu ya jua inalala saa mbili."

Nikamuuliza, "Mama, unatumia nini na nini?"

Akanionyesha. Taa tatu, redio, simu yake na ya mwanawe. Na chini ya meza, waya wenye vichwa vingi na simu za majirani zimepangwa kama samaki kwenye ungo. Alikuwa akichaji simu kwa shilingi 20.

Wasomaji wangu wapenda hesabu, kaeni hapa kidogo. Paneli ni ya wati 20. Jua la pwani tulikadirie saa 5 nzuri kwa siku, hivyo unapata wati-saa 100, kabla ya kupoteza chochote kwenye waya na kwenye betri. Betri ni ya risasi, volti 12 na ampea-saa 7, yaani wati-saa 84, na betri ya aina hiyo ikimalizwa zaidi ya nusu kila siku inakufa mapema, kwa hiyo unazoruhusiwa kutumia usiku ni kama 42. Taa tatu za wati 2 kwa saa 4 ni 24. Redio ya wati 2 kwa saa 4 ni 8. Simu mbili ndogo, tuseme 9. Jumla 41. Mtu aliyebuni mfumo ule alipiga hesabu vizuri kabisa, tena ya karibu mno. Sasa ongeza simu 8 za majirani, kila moja wati-saa 8. Hizo ni 64 zaidi, na jumla inakuwa 105. Jua lote la siku halitoshi. Betri haijai hata siku moja, na betri ya risasi isiyojaa inajiua polepole kutoka ndani.

Kiwanda hakikuwa na kosa. Lakini ngojeni, hesabu ya pili ndiyo tamu. Simu 8 kwa shilingi 20 ni shilingi 160 kwa siku. Malipo yake kwetu yalikuwa shilingi 50. Mama huyu alikuwa amebuni biashara inayolipa mkopo wetu mara tatu, na katika mfumo wetu jina lake lilikuwa na alama nyekundu: "matumizi mabaya, dhamana imefutwa". Mteja bora kuliko wote katika eneo zima, na sisi tulikuwa tunakataa kumbadilishia betri!

Nilipiga simu Nairobi nikiwa chini ya mwembe wake. Nikasema tumuuzie paneli ya wati 50 na betri kubwa, kwa mkopo mwingine, atalipa. Nikaambiwa bidhaa hiyo haimo kwenye orodha ya mwaka huu na kwamba timu ya bidhaa ingelijadili robo ijayo. Mnajua robo ijayo ni lini? Ni wakati ambapo fundi wa mjini amekwisha muuzia mama yule paneli yake taslimu, na sisi tukabaki na kisanduku kilichofungwa na deni lisilolipwa.

Watu wa fedha watanijibu kwamba haya ni mambo madogo madogo, eti kampuni hufa au huishi kwa mtaji. Sawa, tuongee mtaji. Paneli, betri na visanduku vinanunuliwa kwa dola. Mteja analipa kwa shilingi, kiwango kilekile cha kila siku, kwa mwaka au miwili. Januari 2022 dola moja ilikuwa karibu shilingi 113. Januari 2024 ilipita shilingi 160, kabla ya kushuka tena hadi karibu 130 mwaka huo huo. Aliyekopa dola 100 ya kununulia kifaa mwanzoni mwa kipindi hicho alikuwa akidaiwa shilingi 11,300. Akienda kulipa miaka miwili baadaye anadaiwa zaidi ya 16,000, na mteja wake wa kijijini hana habari na dola wala hapaswi kuwa nayo. Ongeza ushuru: Sheria ya Fedha ya 2020 iliondoa msamaha wa kodi ya ongezeko la thamani kwa vifaa vya sola, kisha ile ya 2021 ikaurudisha. Kontena lililofika Mombasa katikati ya hapo lilikuwa na bei tofauti kabisa na ile iliyoandikwa kwenye presentesheni. Nani anakaa na mambo haya kila siku? Ni yule mtu wa operesheni anayejua bidhaa gani iagizwe lini, ngapi, na stoo ipi. Mobisol ya Ujerumani ilikuwa na wahandisi wazuri na sola zake zilisifika Tanzania, Rwanda na hapa kwetu. Mwaka 2019 iliomba kinga ya ufilisi, kisha ikanunuliwa na Engie ya Ufaransa. Sola zilikuwa zinawaka wakati wote huo.

Na msidhani ni kampuni ndogo tu. Angalieni Ziwa Turkana. Mitambo 365 ya upepo, megawati 310, ilikuwa imesimama Marsabit mwaka 2017, tayari kuzalisha. Upepo upo, propela zipo. Waya haupo! Njia ya kupeleka stima Suswa, zaidi ya kilomita 400, ilikuwa imechelewa: fidia za ardhi, mkandarasi wa Kihispania aliyefilisika katikati ya kazi, akaletwa mwingine kutoka Uchina. Stima ikaanza kuingia kwenye gridi mwaka 2018, na sisi Wakenya tukalipia ucheleweshaji ule kwenye bili zetu. Sikumbuki mhadhara hata mmoja chuoni uliozungumzia fidia ya shamba analopita mlingoti. Tulifanya milinganyo ya sumaku-umeme kwa mihula miwili.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba historia yetu wenyewe inatucheka. Sola haikuja Kenya na programu za simu. Katikati ya miaka ya 1980 Mmarekani mmoja, Harold Burris, na mwenzake Mark Hankins aliyekuwa akifundisha katika shule ya harambee ya Karamugi kule Meru, waliishawishi shule ile itumie sola badala ya kununua jenereta ya dizeli. Wakawafundisha mafundi wa stima wa huko namna ya kufunga. Mafundi wale wakaenda kufunga kwa walimu na wakulima wa kahawa na chai, wakanunuliwa paneli na betri dukani, taslimu. Soko likakua hivyo, kwa mikono ya mafundi, miaka ishirini na zaidi kabla hatujaanza kuliita startapu.

Leo muulize mhitimu wa uhandisi kama ana leseni ya sola. Tangu kanuni za 2012, fundi wa sola anatakiwa awe na leseni ya madaraja T1, T2 au T3 kulingana na ukubwa wa mfumo anaoufunga. Atakuangalia kama umemtukana. "Hiyo si ya mafundi?" Ndiyo, ni ya mafundi! Wewe unayetaka kuwaajiri mafundi 200, utajuaje kama kazi yao ni nzuri ilhali hujawahi kupanda bati la moto saa saba mchana na skrubu mdomoni?

Waajiri nao nisiwaache. Mnaimba kwamba hampati watu wa operesheni wenye ujuzi, kisha cheo cha mkuu wa operesheni mnakipeleka ng'ambo, anakuja kijana wa miaka 27 ambaye inabidi afundishwe Ganze iko upande gani wa ramani. Anayemfundisha ni yule dada wa Excel. Baada ya miaka miwili kijana anaenda kuanzisha kampuni yake na dada bado yuko kwenye simu. Halafu mnashangaa wahandisi wetu wanakimbilia presentesheni! Wameona ni nani anapandishwa cheo. Lipeni operesheni kama mnavyowalipa waandishi wa programu, na kila mwandishi wa programu apelekwe nyanjani wiki moja kila baada ya miezi mitatu, akae kwenye simu za wateja, akasikie mtu akilia kwa sababu ya mstari wake mmoja wa msimbo.

Hilo la mwisho si mzaha. Kufuli tunalouweka kwenye kisanduku ni uamuzi wa kihandisi. Saa ya ndani ya kifaa cha bei rahisi ikikimbia, mteja anapoteza siku alizolipia. Mtandao ukipotea, idhini haifiki. Nilipokuwa operesheni nilipigania siku tatu za hisani kabla ya kuzima, na nikashinda baada ya miezi mitano ya mabishano. Aliyenipinga kwa nguvu zaidi alikuwa amekaa na kikokotoo chake na hakuwa amewahi kukutana na mteja hata mmoja. Tulipoanza, waliotumia siku hizo vibaya walikuwa wachache kuliko alivyotabiri, na simu za malalamiko zikapungua kiasi kwamba dada yule akapata nafasi ya kwenda likizo.

Je, nasema vijana wasianzishe kampuni? Hapana, waanzishe. Na wanaoandika programu waendelee, mimi mwenyewe bado naandika, ndiyo inayonilipia kodi ya nyumba. Ninachokataa ni huu mpangilio wa kuanza na cheo, kisha mwekezaji, kisha programu, halafu betri mwisho kabisa kama nyongeza kwenye ankara.

Yule kijana nimemjibu. Nimemwambia achukue leseni ya fundi kwanza, hata ile ya chini. Kisha nimempa mawasiliano ya rafiki yangu mwenye duka la sola Mariakani, anayetafuta mtu wa kusimamia stoo na kutembelea wateja hadi Bamba na Ganze. Mshahara ni mdogo, pikipiki ipo, helmeti alete mwenyewe. Nimemwambia pia kwamba akifika Bamba aulizie kibanda cha mama anayechaji simu, amwombe amwonyeshe daftari lake la mapato, halafu arudi aandike upya ule ukurasa wa nne wa presentesheni.

Ni siku sita sasa. Hajajibu.